Kapalata: kalkilateri haikufa, ilikuwa na njaa

KAPALATA, KISANGANI – Gari lilifika likisukumwa. Vijana 6 walikuwa nyuma yake, na 4 kati yao walikuwa waendesha toleka walioacha baiskeli zao kando ya barabara ili wasaidie. Kwenye usukani alikaa kijana wa miaka 19. Mama yake alifuata kwa miguu, amekumbatia mfuko mweusi wa plastiki. Ndani ya mfuko mlikuwa na dola 210 na bunda la faranga lililofungwa kwa mpira.

Garaji yenyewe haina kibao. Ni kiwanja cha udongo chini ya mwembe, kibanda cha mbao na bati, meza moja, na magari mawili ya zamani yaliyobaki mifupa. Watu wanaijua kwa fundi wake, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye hapendi kuulizwa bei kabla hajapima. Walio mbali wanalikumbuka jina la Kapalata kwa sababu ya kambi ya jeshi tu. Wanaoishi hapa wanaijua pia kwa nyumba zilizofungua milango kwa ndugu waliokimbia makwao.

Mama huyo ni mmoja wa waliofunguliwa mlango. Alitoka Lubunga, komini ya Kisangani iliyo ukingo wa kushoto wa mto Congo. Mwanzoni mwa 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uligeuka kuwa mapigano. Nyumba zikachomwa, na watu kwa maelfu wakahama, wengi wao wakavuka mto kuja upande huu. Nyumba yake iliungua. Gari likapona, kwa sababu siku zile lilikuwa ng'ambo hii, garajini, likingoja breki. "Ugonjwa wake ndio uliliokoa," husema kila akisimulia.

Mume wake alikuwa amekwisha kufariki kabla ya hapo. Basi gari hilo, Toyota HiAce ya zamani inayotumia petroli, ndilo shamba la watu 7 waliobaki. Kila alfajiri linabeba muhogo, sombe, makala na ndizi kutoka vijijini mpaka sokoni. Siku gari linapolala, chungu nacho kinalala. Asubuhi ile lilikuwa limelala siku 9.

"Papa Fundi," mama alisema baada ya salamu, "nimekuja unitafutie kalkilateri ya bei ndogo. Kule mjini wanataka dola 350. Nina 210, zingine nitaleta."

"Nani amesema kalkilateri imekufa?"

"Mafundi wa kule. Walichomeka mashine yao ya kusoma. Mashine ikasema haioni kitu. Wakasema hicho ni kichwa cha gari, na kichwa kimekufa."

Dola 210 zile hazikuwa zake zote. Zilikuwa za likelemba, wanawake 10 wanaochangia kila juma, wote waliohama, wa pande zote mbili za ugomvi ule. Zamu yake ilikuwa bado miezi miwili. Aliomba wenzake wamtangulize, wakamkubalia. Pesa zilizobaki alipanga kuzipata kwa kuuza cherehani, kitu cha kwanza alichonunua tangu ahame.

Mzee aliutazama mfuko, akamtazama mama. "Funga pesa zako, Mama," alisema. "Mtu akinyamaza, hatuanzi kuchimba kaburi. Tunauliza kwanza alikula lini."

Kalkilateri ndiyo kompyuta ya injini. Ni kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu, na kwenye gari hili kimefichwa nyuma ya kijisanduku cha mbele ya abiria. Kinasikiliza sensa, ambazo huku zinaitwa kapteri: moja inaeleza joto la maji, nyingine hewa inayoingia, nyingine mzunguko wa injini. Kisha kinaamua petroli kiasi gani iingie na cheche iruke saa ngapi. Kwa kazi hiyo kinahitaji chakula kama kiumbe chochote. Mdomo wake ni nyaya za moto zinazotoka kwenye batri, na njia ya kurudisha ni masi, yaani nyaya zinazourudisha umeme kwenye upande hasi wa batri kwa kupitia chuma cha injini na bodi. Upande mmoja ukiziba, kisanduku kinanyamaza. Kikinyamaza, mashine ya kusoma haiwezi kuzungumza nacho. Kwa hiyo jibu la mjini, kwamba mashine haioni kitu, lilikuwa kweli. Ila halikuonyesha kama kisanduku kimekufa au kimenyimwa chakula.

Fundi ana wanafunzi wawili. Mdogo ana miaka 15 na yeye pia alivuka mto 2023. Mzee alimwita yeye. "Washa kontakti, usiwashe injini. Niambie unaona nini."

Kijana alizungusha ufunguo. "Taa ya oili imewaka. Taa ya batri imewaka. Taa ya injini haikuwaka."

"Hiyo ndiyo barua ya kwanza," mzee alisema. Kwenye gari zima taa ya injini lazima iwake unapoweka kontakti, hata kama hakuna kosa lolote, na kuzimika injini inapopata moto. Kalkilateri yenyewe ndiyo inayoiwasha. Taa zingine zikiwaka na hiyo isiwake, balbu yake ikiwa nzima, maana yake ni moja kati ya mbili: ama kisanduku hakina umeme, ama kina umeme na hakiwezi kuutumia. Kazi ya fundi ni kujua ni ipi kabla mtu hajatoa hata faranga moja.

Walianza na batri. Mita ilionyesha volti 12.5, si mbaya, kwa maana batri iliyojaa na iliyotulia hutoa karibu 12.6, na ikishuka kwenye 12.0 imekaribia kuisha. Walipopiga demareri, ikashuka mpaka 10.4 na kukaa hapo. Fundi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Batri inayoanguka chini ya 9.6 wakati wa kupiga demareri inaweza kuinyima kalkilateri hata kama nyaya zote ni safi, na mafundi wengi wamenunua kichwa kipya wakati ugonjwa ulikuwa tumboni. Kosi zote mbili za batri alizikwangua, akazikaza.

Zikafuata fizibo. Watu wengi huichomoa, huiangalia kwenye jua na kusema ni nzima. Mzee hataki hilo. Anagusa kwa mita upande huu na upande ule, ikiwa mahali pake, kontakti imewashwa. Pande zote zilisema 12.4. Fizibo ilikuwa nzima kweli.

Halafu alitoa kosi ya upande hasi wa batri, akachomoa fishi kubwa ya kalkilateri, akarudisha kosi. Kila tundu la fishi lina kazi yake. Kwenye gari hili moja linapokea umeme wa kudumu, wa kutunza kumbukumbu hata gari likizimwa. Lingine linapokea umeme wa ufunguo. La tatu linapokea umeme mkubwa unaopitia relei kuu. Kwenye magari mapya kalkilateri ndiyo inayoita relei hiyo iwake, lakini hili ni la zamani na ufunguo wenyewe ndio unaoiita. Kontakti ilipowashwa, relei ikalia: tak. Mzee akagusa tundu moja moja: 12.4, 12.3, 12.2.

Kijana mwenye gari alivunjika moyo. "Moto uko wote, Papa. Basi kweli imekufa."

Hapo ndipo mafundi wengi husimama na kuandika bei. Mzee alikwenda kibandani akarudi na balbu ya taa ya nyuma, ya wati 21, iliyounganishwa na nyaya mbili ndefu. Waya mmoja aliufunga kwenye upande hasi wa batri. Mwingine aliugusisha kwenye tundu la umeme mkubwa, lile lililosema 12.2.

Balbu haikuwaka vizuri. Ilikuwa nyekundu kama kaa linalozimika. Mita, ikigusa palepale, ilianguka mpaka 5.1.

"Angalieni vizuri," alisema. "Bila mzigo, 12.2. Na mzigo, 5.1. Nani alisema moto uko?"

Jambo hili kila mtu wa Kisangani analijua bila kwenda shule. Umeme wa mji unatoka kwenye bwawa la SNEL la mto Tshopo. Jioni, wakati kila nyumba inawasha, balbu ya sebuleni inageuka rangi ya chai. Umeme haukukatika, upo. Lakini chomeka pasi uone kama itapata joto. Mita ni mgeni anayeonja kijiko kimoja: inakunywa umeme kidogo sana, hivyo hata waya uliobaki uzi mmoja unaweza kuishibisha. Kalkilateri na vitu inavyoviendesha vinataka sahani nzima. Balbu ya wati 21 inavuta karibu amperi 2, na amperi 2 haziwezi kupita kwenye mlango uliooza bila kuonekana.

Kutoka hapo kazi ilikuwa kama kufuata mto kwenda kwenye chemchemi. Mzee alirudi nyuma hatua moja, akagusisha balbu kwenye mguu wa relei unaotoa umeme. Ikabaki nyekundu. Akaigusisha kwenye mguu unaoingiza umeme. Ikawaka nyeupe, na yule mwanafunzi akafumba macho. Umeme uliingia mzima ukatoka nusu. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya relei yenyewe. Waliivunja kifuniko. Visahani viwili vidogo vinavyogusana ndani vilikuwa vyeusi, vimechimbika kama meno ya mzee. Relei ililia tak kila mara, ikadanganya kila mtu, kwa sababu mlio ni wa sumaku na umeme unapita kwenye visahani.

Relei nyingine ilitoka kwenye moja ya magari ya mifupa. Kabla ya kuiweka waliipima kwa balbu ileile. Fishi ikarudishwa, kontakti ikawashwa, na taa ya injini ikawaka. Kijana mwenye gari alipiga kelele. Injini ilishika kwa mara ya pili ya demareri, moshi kidogo, kisha ikatulia. Fundi alichukua dola 10 za relei na 5 za kazi. Mama alirudi nyumbani na 195, akicheka na kufuta macho kwa kitenge.

Hadithi ingeishia hapo kama mafundi wasingekuwa watu. Siku ya pili, gari likiwa na magunia ya muhogo, lilianza kukohoa kwenye mashimo ya barabara. Taa ya injini ikawa inawaka na kufifia. Kabla ya kufika sokoni likazima. Likapoa kidogo, likawaka, likaenda mita mia, likazima tena. Muhogo ulishushwa kando ya njia na kuuzwa kwa bei ya hasara. Jioni vijana walilisukuma tena mpaka chini ya mwembe, na safari hii hakuna aliyeimba.

"Wale wa mjini walisema kweli," kijana alinong'ona. Mama hakusema kitu. Mfuko mweusi ulikuwa umerudi mkononi mwake.

Mzee alikaa kwenye kigoda muda mrefu. Halafu alisema maneno ambayo si rahisi kuyasikia garajini: "Kosa ni langu. Nilipima mdomo, sikupima njia ya kutokea."

Alieleza mbele ya wote. Siku ya kwanza alipowasha balbu, waya wake mmoja aliufunga moja kwa moja kwenye batri. Kwa hiyo balbu ilijaribu njia ya kwenda tu. Njia ya kurudi, masi ya kalkilateri yenyewe, hakuijaribu kwa mzigo. Aliipima kwa mita upande wa ohm, ikasema 0.3, akaona ni kidogo na kuridhika. Lakini mita za bei ndogo zinaonyesha karibu hivyo hata ukigusanisha vijiti vyake viwili. Na hata kama 0.3 ile ingekuwa ya kweli, si kidogo: amperi 5 zikipita kwenye ohm 0.3, volti 1.5 zinapotea njiani. Umeme unaorudi kutoka kwenye vinyunyizio vya petroli na kwenye cheche unapita njia hiyohiyo. Masi ikinyanyuka volti 1 au 2, kalkilateri inasimama kwenye sakafu inayopanda na kushuka, na kila habari inayoletwa na kapteri inaisoma vibaya.

Safari hii walipima gari likiwa linafanya kazi. Fishi iliachwa mahali pake, na kijiti chembamba kikaingizwa kwa nyuma, kando ya waya wa masi, polepole, bila kuutoboa. Kijiti kingine kikawekwa kwenye upande hasi wa batri. Masi safi ingeonyesha karibu na sufuri, chini ya volti 0.1. Mita ilisema 0.9. Mzee akamwambia mwanafunzi autikise mkungu wa nyaya kwenye injini. Ikaruka 1.4, ikaruka 2.0, na injini ikazima mbele ya macho yao.

Nyaya hizo za masi zilishuka mpaka kwenye bolti moja kwenye alumini ya njia ya hewa, juu ya injini. Mtoto mwenye mkono mwembamba ndiye aliyeifikia. Bolti ilizunguka kwa vidole, bila kle. Chini yake palikuwa na rangi ya fedha. Mtu, miaka ya nyuma, aliifungua injini, akaipaka rangi ipendeze, kisha akarudisha masi juu ya rangi. Unyevu wa Kisangani na mtikisiko wa barabara zetu vikamaliza kazi. Chuma kikawa na ukungu mweupe, na umeme ukabaki kupita kwenye ncha moja ndogo.

Walikwangua kwa msasa mpaka alumini ikang'aa, wakakwangua pete ya waya, wakaweka bolti mpya na pete ya chemchemi, wakakaza, wakapaka grisi juu ili maji yasiingie. Mita ilisema 0.03. Walitikisa nyaya, waliwasha taa kubwa, waliacha injini ichemke mpaka feni ikavuma. 0.03. Fundi akapanda gari mwenyewe akalizungusha nusu saa kwenye barabara mbovu kuliko zote alizozijua, na mwanafunzi akiishika mita mapajani kama yai. Waliporudi ilikuwa giza. Siku hiyo hakutaka pesa. Mama aliacha kikapu cha ndizi, na hicho hakukikataa.

Kama kalkilateri ingekuwa imekufa kweli, mzee angesema. Zipo zinazokufa. Hapo hapo chini ya mwembe iliwahi kuletwa gari ndogo ambayo mwenyewe alikosa moto wa kuwasha akaazima kwenye kamioni. Batri za kamioni zimefungwa pamoja kutoa volti 24, na kisanduku cha volti 12 kilipokea kipigo hicho kikatoa harufu ya kuungua. Huyo aliambiwa ukweli palepale. Njia ya kujua ni moja: moto uwe mzima chini ya mzigo, masi iwe safi chini ya mzigo, na bado kisanduku kikae kimya.

Hata hapo kuna mlango mmoja wa mwisho. Kalkilateri hugawa volti 5 kwa baadhi ya kapteri zake. Kapteri moja ikiungua ndani, au waya wake ukikwaruzwa na kugusa chuma, volti hizo 5 zinaanguka na kwenye magari mengi, Toyota zikiwemo, kisanduku kizima kinanyamaza na taa ya injini haiwaki. Kinaonekana maiti, kumbe mtoto mmoja amekaba koo la mama. Unachomoa kapteri moja baada ya nyingine ukitazama mita. Volti 5 zikirudi, umempata. Ukizichomoa zote, waya zikawa nzima, na volti 5 hazikurudi, hapo sasa zungumza na mwenye gari kuhusu kununua.

Na ukinunua ya mkono wa pili, hakikisha namba zilizoandikwa juu ya kisanduku ni zilezile. Magari yenye ufunguo wa siri hayatakubali kichwa cha gari lingine mpaka kifundishwe ufunguo. Wengine wamelipa mara mbili kwa kutojua hilo. Tena kichwa kipya kikiwekwa juu ya masi iliyooza, kitasumbua kama kile cha zamani, na kilichosababisha kufa cha kwanza kinaweza kuua cha pili.

Madereva wa hapa wamejifunza mengine kwa hasara, na ni vizuri wengine wayajue bure. Usichomoe kosi ya batri injini ikiwa inawaka ili kujaribu alternateri. Umeme unaruka juu ghafla na unaweza kuunguza kisanduku. Alternateri nzima inapimwa kwa mita: injini ikiwaka, batri ionyeshe kati ya 13.8 na 14.5. Kabla ya kuchomelea bodi, toa kosi za batri na chomoa kalkilateri. Usiweke waya au karatasi ya sigara mahali pa fizibo. Usioshe injini kwa maji ya nguvu kisha ukashangaa. Na ukijaribu kwa balbu, tumia ndogo ya wati 21, usitumie ile kubwa ya mbele kwenye nyaya nyembamba, wala usiguse tundu usilolijua kazi yake.

Kwenye ukuta wa kibanda sasa kuna ubao. Mwanafunzi yule wa miaka 15 ndiye aliyeuandika kwa chaki, kwa mwandiko wa shule aliyoiacha ng'ambo: batri, fizibo, relei, moto na balbu, masi na balbu, volti 5. Chini kabisa, peke yake, ameandika: kalkilateri. Mzee alimwuliza kwa nini ameacha nafasi kubwa hivyo kabla ya neno la mwisho. Kijana akajibu, "Ili mtu apumzike kwanza kabla ya kusema imekufa."

Mama yule alirudisha pesa za likelemba Jumapili iliyofuata. Wenzake walizihesabu, wakampa aliyekuwa kwenye zamu, na yeye akarudi kungoja zamu yake. Cherehani iko mahali pake, dirishani, na mchana inasikika mpaka barabarani. Saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa ya gari. Kijana anaweka kontakti, anangoja kidogo, anatazama taa ya injini iwake. Ikishawaka, anapiga demareri.